KIKAO KUHUSU GOLI LA KISIGINO CHA REFA BHOKE

CHAMA CHA MAREFA WA MPIRA WA SHULE, TAWI LA RANGWE

Tarehe: Jumanne, 17 Juni 2025
Mahali: Nyuma ya duka la Abdinasir, Rangwe
Kuanza: Saa nane na nusu (ilipangwa saa saba, Katibu alifika saa saba)

WALIOKUWEPO
1. Mwl. Roselyn Adera – Mwenyekiti
2. Bw. Abdinasir Yusuf – Mjumbe
3. Bi. Bhoke Mirumbe, wa kutoka Migori – Refa mwanafunzi
4. Mzee Elijah Ochuodho – Katibu, na mwalimu wa marefa tangu hao wengine hawajazaliwa

HAKUWEPO
Tony Omolo, Mjumbe. Alisema ana matanga. Ya nani, hakusema.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa maombi, mafupi. Aliomba watu wasipayuke. Hakutaja jina lakini aliangalia upande wa Katibu.

KUMB. NA. 2/06/2025: BARUA YA WENYEJI
Katibu alisoma barua ya shule ya wenyeji. Ijumaa Bhoke alichezesha mechi yake ya kwanza, nusu fainali. Wenyeji wakiwa nyuma goli moja, mchezaji wao alipiga shuti, mpira ikamgonga Bhoke kisigino ndani ya boksi, ikaingia wavuni. Bhoke alikataa goli, akampa kipa mpira. Wenyeji walishindwa. Sasa wanataka atolewe kwa orodha ya marefa.

Mwenyekiti alieleza kwamba akitolewa, hatachezesha fainali Jumamosi, na beji yake ya urefa itangoja mwaka mwingine mzima.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAFUNZO YA BHOKE
Katibu alieleza kwamba alimfundisha Bhoke wiki tatu bila kitabu, kwa sababu kitabu haijawahi kupigwa mawe uwanjani. Kila sheria aliipatia jina la mechi aliyochezesha yeye mwenyewe, ndio isisahaulike. Hii ya mpira kumgonga refa inaitwa Pala 1991. Refa ni kama mlingoti. Mpira ikimgonga, mchezo inaendelea, na goli ni goli.

Mwenyekiti alimuuliza Bhoke kama alifundishwa hivyo.

Bhoke alijibu, "Ndiyo Madam. Mzee alinifundisha vizuri sana. Lakini kila nikimuuliza hii ni sheria namba ngapi, ananiambia mwaka."

Bw. Abdinasir alicheka. Katibu aliomba hicho kicheko kisiandikwe. Mwenyekiti akasema kiandikwe.

KUMB. NA. 4/06/2025: SHERIA YA TISA
Bhoke alitoa simu akasoma. Mpira ikigusa refa na kuingia goli moja kwa moja, mchezo unasimama, na kama ni ndani ya boksi, kipa anaangushiwa mpira. Mwenyekiti aliuliza ilibadilika lini. Bhoke akasema 2019.

Katibu alisema hakuna mtu alimjulisha.

Bw. Abdinasir alisema, "Jaduong', mzee wetu, miaka sita?"

Mwenyekiti aliuliza, kwa upole, Katibu amechezesha mechi ngapi tangu huo mwaka. Katibu alisema nyingi, na zote nzuri. Mwenyekiti akauliza mpira imemgonga mara ngapi. Katibu alisema hiyo haiko kwa ajenda.

KUMB. NA. 5/06/2025: UAMUZI
Barua ilikataliwa, kura mbili kwa moja. Huyo mmoja hatajwi, kura ni siri. Bhoke atachezesha fainali.

Mwenyekiti aliuliza nani atashika bendera upande wa mashabiki wa wenyeji, maana wale bado wana hasira.

Bhoke alisema, "Mimi nataka Mzee. Hao hawawezi kumtupia kitu. Wengi aliwapa kadi wakiwa watoto."

Mwenyekiti alikubali, kwa sharti kwamba Katibu asome Sheria ya Tisa kwanza, na Bhoke amuulize maswali.

Katibu alieleza kwamba mtu wa miaka thelathini na nne kwa filimbi hawezi kuulizwa maswali na mwanafunzi wake mwenyewe. Alieleza dakika kumi na mbili. Kisha aliuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, marefa wanatakiwa uwanjani saa ngapi.

Alijibiwa saa sita.

Kikao kilivunjika saa kumi kasorobo. Bhoke na Katibu walibaki.

Sahihi:

R. Adera, Mwenyekiti

E. Ochuodho, Katibu, na Refa Msaidizi wa Kwanza, Fainali