Aliyechonga Tulipu

Falls Church, Virginia
28 Machi 1999, Jumapili ya Matawi

Wifi Benadetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia mwenyewe huko Columbia Heights uliko. Habari za afya yako? Mimi ni mzima. Kaka yako Christopher naye ni mzima, ila vumbi la maua ya huku linamtoa machozi kutwa, na watu wanadhani analia kwa ajili yako. Huenda hawajakosea.

Nakuandikia kwa sababu simu zako zote nimezikata, na nitaendelea kuzikata. Kwenye simu una maneno matamu mno. Ya karatasini nitayasoma mara mbili.

Gazeti la mtaa nimeliona. Alinionyesha Tobias, yule Mkenya wa mapokezi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. "Flaviana, si huyu ni wifi yako? Amekuwa staa!" Picha yako kubwa, umeshika muhuri wangu wa ua la tulipu kama mtu aliyemshika mtoto aliyemzaa mwenyewe. Chini wameandika kwamba Benadetha, msusi wa nywele, majira ya kuchipua yakifika huzunguka akitazama maua, kisha huyachonga kwenye vibao vya mpira na kuchapa kadi. Wakakuuliza kama kuna anayekusaidia. Ukajibu: "Wifi yangu huniosheaga mihuri."

Kuosha! Nani alisimama kwenye baridi ya barabara ya Route 7 akichora yale maua ya njano yenye kikombe katikati, mpaka basi likamwacha? Nani aligundua kwamba tulipu ukiichonga bila kukata mishipa ya petali hutoka doa tupu, kama mtu aliyetokwa damu puani? Wewe ulikuwa unapaka wino na kuimba. Kuimba ulikuwa unaimba vizuri, hilo sikatai.

Harusi yako ni tarehe 22 Mei. Baba yenu hayupo duniani. Wa kukukabidhi kwa Festus ni Christopher, na wa kukushikia gauni ni mimi. Ndugu mwingine huna upande huu wa bahari. Lifikirie hilo wakati unaikata picha yako gazetini uibandike ukutani.

Wifi yako,
Flaviana


Columbia Heights, Washington
1 Aprili 1999, Alhamisi Kuu

Wifi Flaviana, mke wa kaka yangu,

Milele amina. Nimeitikia kwa sauti mpaka mteja niliyekuwa namsuka ameruka kitini. Mimi sijambo, koo tu linakwaruza. Christopher mpe tangawizi.

Wifi, yule mwandishi alikuwa anauliza kama anayefukuzwa na mbwa. Kauliza nani anatengeneza, nikasema sisi. Kauliza sisi ni nani, nikaanza kueleza, yeye kaandika alichotaka. La kuosha nilisema kwa utani tu. Wifi na wifi si watani? Nyumbani ningesema wewe ni mchawi, watu wangecheka na wewe ungenipa chai.

Sasa tusigombane, maana neema imeingia. Kuna mama wa Kikenya, Bi. Audrey, anaendesha madarasa ya kazi za mikono kwenye ukumbi mmoja Annandale. Kaona gazeti, anataka nifundishe kadi za maua tarehe 17 Aprili. Niazime mihuri yote: tulipu, ile ya kikombe, na maua ya mcheri. Nitakutaja mwanzoni kabisa, naapa kwa kaburi la baba.

Wifi yako,
Benadetha


Falls Church
8 Aprili 1999

Wifi mpenzi,

Heri ya Pasaka. Sisi wazima kabisa, na wewe koo limepona?

Nimetafakari, nimeona una haki ya siku yako. Endelea na maandalizi ya harusi, usihangaike na mizigo. Boksi nitampelekea Bi. Audrey mwenyewe, nimekwisha kuongea naye. Mama mcheshi sana! Usilifungue mpaka watu wote wameketi, inapendeza zaidi.

Vaa ile blauzi nyeupe. Inakutoa vizuri kwenye picha.

Wifi yako akupendaye,
Flaviana


Columbia Heights
19 Aprili 1999

Flaviana,

Salamu zangu leo ni kiganja cha kushoto kilichoshonwa. Usiniulize hali. Ulikuwepo.

Nilifungua boksi watu wote wameketi, kama ulivyoniagiza. Ndani: vibao vitupu, havijaguswa, na kisu chako. Nikadhani umekosea boksi. Nikainua macho, nikakuona mstari wa nyuma na kitenge chako cha Pasaka, umekunja mikono.

Bi. Audrey akasimama. "Haya jameni! Nimeambiwa na familia yake kwamba Benadetha anapenda sana kuchonga mbele ya watu. Tukatie tulipu moja hapa hapa, tuone maajabu!" Wakapiga makofi. Nikakutazama. Na wewe ukapiga makofi.

Nilitabasamu. Nikashika kisu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kisu kile husukumwa mbele, mbali na mkono ulioshika kibao. Mimi nilikivuta kuja kwangu, kama mtu anayemenya ndizi za mtori. Damu ikamwagika kwenye karatasi, mama mmoja wa mbele akasema, "Wino wake mzuri, anaupata wapi?" Ndipo Bi. Audrey akapiga kelele. Nilipogeuka kukutafuta, kiti chako kilikuwa kitupu.

Daktari anasema vidole viwili vitachelewa kukunja. Mimi ni msusi, Flaviana. Nisuke kwa meno?

Dada wa mume wako,
Benadetha


Falls Church
24 Aprili 1999

Dada wa mume wangu,

Pole kwa mkono. Naulizia hali yako kwa sababu nililelewa. Mimi ni mzima. Kaka yako, tangu alipokuona hospitali, hanisemeshi ila kuuliza chumvi iko wapi.

Kisu sikukishika mimi. Nilikupa ulichosema ni chako. Ungetamka maneno matatu tu, "Mwulizeni yule nyuma," ningesimama, ningeichonga tulipu mbele yao, na jioni tungekula pamoja hapa kwangu. Nilikaa pale nikiyangoja maneno hayo. Ukaona heri ukate mkono kuliko kunitaja. Nikaondoka.

Basi tarehe 22 Mei sitakuja. Christopher akitaka kwenda, mlango haujafungwa. Wageni watamuuliza mke wake yuko wapi, na nimempa ruhusa ya kuwajibu ukweli. Akishindwa, utawajibu wewe, maana una kipaji cha kueleza watu.

Wifi yako kwa ndoa tu,
Flaviana


Columbia Heights
1 Mei 1999

Wifi yangu,

Hujambo? Christopher hajambo? Festus anawasalimu. Mkono umetolewa bandeji, unanuka dawa.

Ndani ya bahasha kuna kadi. Nimeichonga mimi, kibao nikikibana kwa magoti na kisu nikikisukuma mbele. Cheka tu. Ni jani la isale lenye fundo. Najua linafanana na kitunguu.

Wewe ni binti wa Kibosho kama mimi, sina haja ya kukufundisha. Mchagga akiletewa isale lenye fundo na aliyemkosea, hana hiari tena, anasamehe. Hata watu waliouliana ndugu walisamehana kwa jani hilo. Asiyesamehe, mila inageuka na kumtazama yeye.

Gazetini nilidanganya, haukuwa utani. Nilipenda kuwa mimi ndiye. Siwezi kuingia kanisani nimesindikizwa na kaka asiyekuwa na mke pembeni yake, kama watu tuliofiwa. Samehe, uje.

Wifi yako,
Benadetha


Falls Church
5 Mei 1999

Wifi,

Sisi hatujambo. Kitunguu kimefika.

Wino umeweka mwingi, ndiyo maana kingo zimevimba. Na hilo fundo haliwezi kufungika kwa jani lolote duniani; umelichonga mikia yote miwili inatokea upande mmoja.

Halafu karatasi si isale. Ukichapa picha ya ng'ombe, utamkamua? Isale hutoka ardhini. Niletee lenye mizizi na nitakusamehe siku hiyohiyo, hata kama nina homa. Nimeandika kwa mkono wangu, na tarehe iko juu.

Nakutakia utafutaji mwema. Pale uwanja wa ndege hawapitishi hata kijiti.

Wifi yako,
Flaviana


Columbia Heights
13 Mei 1999

Wifi yangu mpenzi, mke wa kaka yangu, binti wa watu wa Kibosho,

Shikamoo, ingawa tunalingana. Umeamkaje? Mimi nimeamka salama kuliko siku zote za mwaka huu.

Jana nilikuja kazini kwako nikupigie magoti. Nikasahau kwamba Jumatano hufanyi kazi. Tobias akaniambia, "Keti kwanza upumzike, mama, unaonekana umechoka." Nikaketi pale mapokezi, karibu na ule mti mrefu kwenye chungu cha kokoto, wenye majani marefu yanayoning'inia. Nikamuuliza unaitwaje. "Huo? Hata sijui. Ni maua tu ya ofisi. Nilikuta uko."

Nikashika jani, nikalikunja. Wifi, mkono ule ulioshonwa ndio uliolitambua.

Ni isale! Isale lenyewe, limewekwa ndani kama mgonjwa, linapulizwa na kiyoyozi. Unalipita kila siku ukivaa aproni yako. Wala sikulaumu kwa kutolijua. Kwetu hukaa mpakani na makaburini. Nani angelitafuta juu ya kapeti?

Sikulikata. Nimelifunga fundo likiwa kwenye mti wake, hai, usawa wa kifua chako, ulione ukiingia na ukitoka. Tobias akasema, "Mama, unaharibu maua ya watu!" Nikamwambia, "Hapana, ninamsalimia wifi."

Ulitaka lenye mizizi. Mizizi imo chunguni.

Wifi yako,
Benadetha


Falls Church
17 Mei 1999

Wifi,

Habari za huko? Hapa wazima.

Nililiona kabla hata barua yako haijafika. Nikajifanya sikuliona. Nikaanza kuingilia mlango wa jikoni, mpishi akaniuliza kama nimehamishwa idara. Leo asubuhi Tobias alitaka kulifungua kwa sababu meneja kalalamika. Nikamfokea "Usiguse!" mpaka bibi mmoja akaanza kulia kitini mwake. Hapo nikajua nimeshikwa.

Nimelikata, nikalipokea. Nimekusamehe. Ndivyo ilivyo, na sitaongeza asali juu yake. Jumamosi nitakuja na Christopher.

Limebaki la mkono wako. Mimi ndiye niliyemwambia Bi. Audrey akuchongeshe mbele ya watu. Nilijua hujawahi kushika kile kisu. Damu sikuitaka, aibu niliitaka yote, na blauzi nyeupe niliitaja kwa makusudi ili wino ukuchafue. Kwa hiyo nimefunga jani jingine kwenye mti uleule, chini ya lilipokuwa lako. Hilo linatoka kwangu kuja kwako. Njoo ulikate Jumatano. Nimechagua Jumatano kwa sababu sitakuwepo; sitaki uone uso wangu.

Wifi yako,
Flaviana


Falls Church
20 Mei 1999

Wifi,

Natumaini u mzima. Mimi sijui.

Leo nimeingia kazini na jani langu bado lina fundo. Tobias anasema jana ulikuja, ukaketi, ukalitazama sana, ukaomba maji ya kunywa, ukaaga, ukaondoka.

Mila unaijua, wewe ndiye uliyenikumbusha. Gauni langu nimelipiga pasi. Sasa nalitazama tu pale mlangoni, sijui nilivae au nilirudishe kabatini. Barua hii namtuma Christopher ailete leo hii. Mpe jibu.

Wifi yako,
Flaviana


Columbia Heights
21 Mei 1999, kwa mkono wa Christopher

Wifi Flaviana,

Umelalaje? Hukulala, kaka ameniambia alipofuata jibu. Vizuri.

Jani nimeliona. Umelifunga vizuri kuliko langu; hata kwenye kuomba radhi lazima unishinde. Siwezi kulikataa, nami sitaki kulikataa. Ila mila inasema nisamehe, haisemi siku gani. Nitalikata Jumatatu.

Kesho njoo hivyohivyo, hujasamehewa. Nishikie gauni kutoka mlangoni mpaka altareni, utabasamu mbele ya watu. Mimi nilitabasamu Annandale. Mezani nitasimama, na kwa kinywa changu nitasema aliyechonga tulipu ni nani. Watakupigia makofi ukumbi mzima, na mimi nitapiga kuliko wote, kwa mkono huuhuu. Utalia, nakujua. Usijipake wanja.

Misa ni saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa, nitalikata Jumanne.

Wifi yako,
Benadetha