Hakugoma Kula

Jumatano

Nimekosea, na bora niandike hapa kuliko kuendelea kujitetea. Yule mahabusu wa Ethiopia, aliyekamatwa kwa kuingia nchini bila vibali, hakugoma kula. Mie ndiye niliyeandika "amegoma" kwenye faili lake, kwa sababu siku tatu mfululizo alirudisha chakula, na pale zahanati ya gereza hakuna anayejua lugha yake.

Leo nimemwomba Afande Saidi aniruhusu nimpigie simu Almaz, Muethiopia anayepika kwenye mgahawa mmoja Sinza.

"Sawa, nesi. Ila hapa hapa mbele yangu."

Almaz aliposalimia kwa Kiamhari, yule baba aliishika simu kwa mikono miwili. Halafu akaongea bila kupumzika.

"Dada, ni jino," Almaz akaniambia. "Anasema alikuonyesha shavu tangu Jumapili. Ukampa vidonge viwili, ukaondoka."

Kweli alinionyesha. Nilidhani kichwa kinamuuma.

Nikammulika mdomoni. Ufizi wote umejaa usaha. Afande alichungulia, akaenda mwenyewe kuomba kibali cha kumtoa. Saa nane tulikuwa hospitali, jino likang'olewa. Jioni amekunywa uji kikombe kizima. Nimefurahi, ila aibu haijaniisha.

Kabla hatujakata simu, Almaz aliniambia jambo lingine.

"Anasema Waethiopia wenzake wanne wanaumwa kule ndani. Anauliza na wao wataongea lini."

Afande amekubali waje kesho asubuhi. Naogopa nitakayoyasikia.