Nyumba Isiyo na Bati

Jumatatu, 6 Oktoba
Umeme umekatika tena na sikuwa nimesevu. Kuta zote za upande wa kulia zimepotea. Nimebaki mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, najitazama uso.

Uliporudi nikaanza upya. Mchoro wa isometriki, wa kuonyesha pande tatu kwa pamoja, hautaki haraka. Kila mstari wa chini ulale nyuzi thelathini, kulia au kushoto, na wima ubaki wima. Tenki la maji limetoka kama yai, nilisahau kubadili upande wa kuchorea. Nikafuta. Likatoka yai jingine.

Anayeutaka mchoro ni Mjomba. Yuko Ruangwa, anataka kumjengea Bibi nyumba kabla ya mvua, maana ile anayokaa kijijini Marambo imepasuka ukuta wa nyuma, mkono unapita. Ramani ya kawaida Bibi aliikataa. Alisema anaona mipaka ya mashamba tu. Ndipo Mjomba akaniambia nimchoree kitu kinachofanana na nyumba. Bibi asipokubali, hajengi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemtumia Mjomba mchoro kwa simu. Kapiga hapo hapo. Eti nyumba imepinda. Eti ukuta wa nyuma ni mkubwa sawa na wa mbele, nani kaona wapi. Nikamweleza kwamba isometriki haipunguzi kilicho mbali, ndiyo maana unaweza kukipima. Akaniuliza nilisoma chuo gani. Anakijua vizuri. Yeye ndiye aliyenisomesha.

Wanataka mchoro halafu hawautaki mchoro. Mwishoni kakubali, shingo upande.

Jumamosi, 11 Oktoba
Marambo. Heri nisingekwenda.

Sikuchora paa, ili vyumba vionekane. Ndivyo tunavyofanya. Na ndani niliweka kitanda, kile kinachokuja na programu: cha watu wawili, mito miwili. Bibi alikuwa anachambua korosho na majirani. Akaipokea karatasi, akaitazama, akaifunika haraka kwa kanga. Majirani walishaona.

"Mume wangu," Bibi akaniambia, "huo mto wa pili ni wa nani?"

Walicheka mpaka wakaacha kazi. Mimi sikucheka.

Kisha utani ukaisha. Akataka kujua bati liko wapi. Huku mtu akihama, cha kwanza kushusha ni bati. Analibeba, kuta anaiachia mvua. "Umeshanihamisha?" Nikajitahidi kueleza. Akauliza nyumba yenyewe iko wapi, mbona inaelea kwenye weupe, hata mti hakuna. Nikamwapia kuwa itajengwa hapo hapo, nyuma ya jiko lake. Akanirudishia karatasi. Amekataa.

Nimerudi kwangu Nachingwea na hasira zangu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bati. Haya, bati. Mteremko wa paa haufuati nyuzi thelathini, kwa hiyo haupimiki. Unatafuta ncha zake moja moja ndipo unaziunganisha. Nimekosea, nimerudia, nimekosea.

Kisha, kwa kukomoa tu, nikaongeza kila kitu. Mikorosho yake. Jiko la uani. Kaburi la Babu. Nyumba ya jirani. Mchoro wa kitaalamu umegeuka picha ya kutundika sebuleni. Nimemtumia Mjomba. Wapate wanachotaka.

Jumanne, 14 Oktoba
Mjomba kapiga. Safari hii si habari ya kupinda.

"Mikorosho ya nini, mpwa wangu? Kiwanja cha huku hakina mkorosho."

Nikamuuliza kiwanja kipi. Kumbe kipo Ruangwa, nyuma ya kwake. Karibu na hospitali. Anasema mama yake amezeeka, hawezi kuachwa peke yake, na akiambiwa mapema atagoma. Kwanza aipende nyumba. Mengine ataambiwa siku ya kuhama. Niifute miti, nifunge mdomo.

Nimekasirika. Nilimwapia Bibi. Kumbe nilikuwa namwongopea na sikujua. Na Mjomba ndiye aliyenilea, siwezi kumwinulia sauti. Najichukia kwa hilo pia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Sijaifuta. Mjomba ameandika: vipi? Sijajibu. Ofisini nimechora choo cha shule, nimekosea vipimo, bosi kafoka. Haki yake.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimemwambia Bibi.

Hakulia, hakugomba. Alisema alilijua tangu aone kuta bila bati. Akaomba simu yangu, akaongea na Mjomba kwa Kimwera, maneno machache, akanirudishia. Mjomba anakuja kesho. Nikasema atanichinja. "Atapita kwangu kwanza," akasema.

Nimelala hapa Marambo. Upepo unaingia kwenye ufa.

Jumapili, 19 Oktoba
Mjomba alifika asubuhi. Hakunisalimia. Wakaingia ndani na Bibi, mlango ukafungwa. Sikusikia kitu, na sikusogea kusikiliza.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniomba tepu ya kupimia. Mchoro hakuuulizia.

Tukapima nyuma ya jiko, pale pale nilipomwapia Bibi. Bibi alitaka kushika ncha ya tepu, akapewa. Mjomba alivuta, akasoma, mimi nikaandika. Urefu, upana, kutoka mkorosho hadi pembe.

Tulipomaliza, Mjomba akamwambia, "Mama, achia sasa."

Hakuachia, kaibana ncha kwenye mkorosho wake. Tukamsubiri.