Yaya, Ngalula Amejifunza Kusalimia

Yaya,

Dada yangu mkubwa, tangu tukuzike, mwanao Ngalula hajakuulizia hata mara moja. Mtaani wanasema ana moyo wa jiwe, wengine wananong'ona uchawi. Mimi najua anakutafuta kwa namna yake. Anapanga vifuniko vya sufuria zako mlangoni, na nikigusa kimoja analia mpaka anatapika. Bukari, ugali wetu, anakula, lakini mboga ikiigusa tu, sahani yote anaisukuma.

Unakumbuka alivyokuwa akirudia maneno? Ukikohoa, naye anakohoa. Ukiniita, naye ananiita. Mpaka leo ananiita kwa sauti yako ileile, Yaya, na kila mara nageuka.

Maneno hayohayo ndiyo yananinyima usingizi. Tangu Katanga ijitangaze nchi, sisi watu wa Kasai tumekuwa wageni humu Elisabethville tulimozaliwa, na askari wanatusaka. Ndani ya nyumba tunapanga kukimbilia kambini walikojikusanya wenzetu, na mtoto anasikia yote. Anaweza kuyasema popote.

Kwa hiyo nilipoona Mama Chola, jirani yetu, Mbemba mwenyeji wa Katanga, anamwita mtoto uani kwake kila asubuhi, wasiwasi ulinishika. Mwanawe ni askari wa Katanga. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkataza Ngalula asiende, akajigonga kichwa ukutani hadi nikamwachia. Basi nikawa nachungulia. Wanachambua maharagwe, na Mama Chola anasema jambo moja, polepole, tena na tena. Sikulisikia. Niliamini anamchimba siri zetu.

Juzi natoka bombani na ndoo yangu, nakuta askari wawili mlangoni petu wanamuuliza mtoto hii ni nyumba ya nani. Nikatua ndoo. Ngalula, ambaye hajawahi kumsalimia hata padri, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama wanawake wa Kibemba wanavyowaamkia wakubwa, akasema, "Mwapoleni mukwai."

Sauti ilikuwa ya Mama Chola kabisa. Askari mmoja akacheka.

"Huyu iko mutoto wa kwetu," akasema, wakaenda nyumba ya pili.

Jirani alikuwa amesimama uani kwake, akitazama.

"Nilimufundisha," aliniambia. "Nilijua askari batakuya."

Nilimshukuru, Yaya. Lakini alijuaje? Nani alimwambia, kama si mwanawe? Na kama alijua, mbona hakuniambia mimi? Labda aliogopa. Labda anamtaka mtoto, maana yeye hakujaliwa binti. Nayageuza hayo kichwani hata nikipika.

Kesho tunakwenda kambini. Jana Mama Chola alikuja akasema, "Muniachie ye. Kule bantu ni bengi, makelele mingi. Hataweza."

Na ni kweli. Risasi zikilia anajing'ata mkono mpaka damu, na kule watu wanalala wamebanana chini ya maturubai. Kwa huyu mama anatulia. Naichukia kweli hiyo, lakini nimeiona kwa macho yangu. Nimekubali kumwacha. Simwamini bado, na nimekubali.

Pumzika, Yaya, wala usinilaani. Nakuahidi mbele ya Mungu, nitarudi kumchukua. Na nikikuta hanijui tena, nitakaa chini kando yake, bila kumgusa, mpaka anizoee.

Mdogo wako,
Meta