Uvimbe wa Mpira

Makongeni, Jumanne

Kwako Senge Khavere,

Huku mvua imeanza na paka amezaa. Chuoni tunatengeneza titi la mpira la kuwafundishia wauguzi kutafuta uvimbe wa saratani. Nililileta nyumbani, Mama akalipapasa, akaupata uvimbe mara moja. Nikapiga makofi. Akasema, "Lakini mmeulainisha sana. Wangu ni mgumu kama kokwa."

Senge, anao tangu Krismasi! Hospitali hataki, eti anaombewa. Nimempigia magoti, wapi! Wewe ni dada yake Baba, hajawahi kukukatalia neno. Njoo mara tu upatapo barua hii, usingoje Pasaka.

Jana aliniruhusu niushike. Leo nimeukaza ule wa mpira, na mwalimu amenisifu: sasa ni kama wa kweli.

Mtoto wenu,
Mitchelle