Mrija wa Kidosho Umeziba

Baba Kidosho,

Simu yako haipatikani. Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Nguo zianue kabla ya mvua. Nimepitia kuchukua blanketi na sweta la mtoto, narudi hospitali sasa hivi. Dada yangu amebaki naye wodini.

Ulipotoka kwenda kazini ulisema anadeka tu. Haya, huyo anayedeka alitapika tena, akawa kila nikimwamsha analala, na macho yakaanza kutazama chini kama siku zile kabla hajawekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Nikampigia mama yako, akasema ni meno. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini meno hayavimbishi utosi." Nikambeba nikaondoka.

Mapokezi wakatupatia dawa ya homa, wakasema turudi nyumbani. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikasema siondoki mpaka daktari aliyempasua amwone. Akaja, wakampiga picha. Mrija umeziba, maji yanajaa kichwani. Wanaubadilisha leo mchana.

Najua uliapa mtoto hachanwi tena. Sahihi nimeweka mimi.

~~Usije hospitali.~~ Njoo, ila uje kumshika mkono, siyo kubishana na mimi. Daktari kasema mrija unaweza kuziba tena, hata akiwa mkubwa. Basi nitambeba tena. Siku akinishinda uzito, tutakwenda naye kwa miguu.

Mama Kidosho