Siku Isiyokuwa na Bei

Kisangani, Makiso

Yaya Masika,

Kama unasoma haya, basi Muhindo wa pikipiki amefika salama, na Mungu ashukuriwe kwa hilo kabla ya mengine yote. Simu zenu hazipiti tangu mnara uanguke, na nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu akiniambia hampatikani, kana kwamba sijui. Mko wazima? Mguu wa Papa umepungua kuvimba? Na kikohozi cha Kavira wako kimemwacha? Nauliza ingawa jibu sitalipata leo, maana dada mkubwa haandikiwi barua bila kuulizwa hali. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekwisha, yaya, sikufichi.

Nitakueleza polepole. Kuna jambo nataka ulifanye mara tu ukimaliza kusoma, na najua hukubali kuamrishwa na mdogo wako bila sababu.

Unakumbuka ulivyonicheka kwamba nililipiwa masomo yote yale ili nije kuchora vilima kwenye kompyuta? Bado ndiyo kazi yangu. Ofisi yetu inagawa chakula kwa watu waliokimbia vita, na mimi natengeneza ukurasa wa mtandao unaoonyesha bei za masoko kwa mistari inayopanda na kushuka kama vilima. Bei za soko la kwetu ulikuwa unanitumia wewe mwenyewe, kila siku ya soko, kwa hiyo nusu ya vilima hivyo ni vyako. Ila sikuwahi kukuambia bei zako zinafanywa nini zikishanifikia.

Wewe unauza unga wa muhogo kwa kopo. Hapa Kisangani wanapima kwa beseni, na Yangambi, huko chini ya mto, kwa gunia. Ukizichora bei hizo kama zilivyo, gunia litakuwa juu mbinguni na kopo lako litagaagaa chini, na mtu asiyejua atadhani Yangambi ndiko kwenye njaa. Kwa hiyo kila soko tunalipima kwa bei yake lenyewe ya siku ya mwanzo. Siku hiyo mistari yote inaanzia sifuri, kisha tunaangalia kila mmoja umepanda kwa asilimia ngapi. Ni kama Mama alivyokuwa akitupima kwenye mwimo wa mlango. Hakuuliza nani mrefu, aliuliza nani ameongezeka. Ndivyo mimi mfupi nilivyokushinda mwaka ule, ukanuna hadi Pasaka.

Sasa, chini ya grafiki kuna kipande unachokivuta kushoto au kulia. Popote unapokiacha, hapo ndipo panapokuwa siku ya mwanzo, na mistari yote inajipanga upya. Nilipokimaliza watu wa ofisi walikichezea kama watoto, na mimi nikavimba kichwa.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa kuamua. Ghala lilibaki na chakula cha safari moja tu. Ama kiende kwenu milimani Lubero, ama Yangambi, ambako nako kuna waliokimbia. Nilijua nyinyi mnaolala kwenye madarasa ya parokia mlishaambiwa msitawanyike, magari yanakuja.

Kwanza nikakivuta kipande mpaka kabla ya vita. Mstari wa kwetu ukapaa, ukaiacha mingine mbali. Nikashusha pumzi. Chef wetu, yaani mkuu wa ofisi, mtu mpole, si mbaya hata kidogo, akavua miwani.

"Bon, Kambale, ile ni histoire ya zamani. Wenye kutoa franga wanataka miezi ya sasa. Leta karibu."

Akakileta karibu yeye mwenyewe, na mstari wa kwetu ukalala. Ulilala sawasawa na sakafu, yaya, kwa sababu bei ilikuwa imeshapanda mpaka mwisho na haikuwa na pa kwenda tena. Wa Yangambi, ulioanza kupanda juzi tu, ukanyanyuka.

"Unaona? Kule iko calme."

"Chef, haiko calme. Mutu mwenye iko juu ya muti, ukianza kumupima pale pale juu, utasema hajapanda."

Mwenzangu Béatrice akacheka. Chef hakucheka, akafikiri.

"Alors, tuanze siku ya soko ya kwanza ya mwezi wenye ulipita. Kwa masoko yote. Iko haki, hapana?"

Nikasema ni haki. Ningesema nini? Akavuta.

Mstari wa kwetu ukapotea. Haukushuka wala haukulala, ulitoweka kabisa. Kompyuta inagawa kila bei kwa bei ya siku ya mwanzo, na siku hiyo kwetu hapakuwa na bei. Huwezi kugawa kwa kitu kisichokuwapo. Mashine haikubishana, ikaufuta mstari wote, na zile bei za baadaye ulizozituma kwa taabu zikaenda nao. Ikabaki mistari miwili, na mkutano ukaendelea na hiyo miwili.

"Chef," nikasema, "laini ya kwetu imetoka."

"Kama hakuna bei, tutafanya nini? Hatuwezi kubuni."

Na kweli, hatuwezi kubuni. Lakini mimi nilijua kwa nini pale palikuwa patupu, na wewe unajua. Ndiyo siku mliyomzika Mama kando ya barabara, soko zima likiwa limekimbia, na wewe umemshika Papa kwa nguvu asirudi nyuma. Ulinipigia jioni yake, simu ikikatika-katika, ukaniomba radhi kwamba hukutuma bei. Uliniomba radhi, yaya!

Nikawaambia. Nikasema, "Ile siku soko haikukuwa. Dada yangu njo mwenye kutuma bei, na ile siku alikuwa anazika mama yetu." Béatrice akanishika mkono. Chef akaziba uso.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini kwa rapport nitaandika nini?"

Akaandika Yangambi.

Kesho yake nilianzisha mstari wa kwetu siku ya soko iliyofuata, yenye bei, ukarudi, na kando yake nikaandika bei ya kopo ilivyokuwa kabla ya vita na ilivyo sasa. Nikamwita chef. Akautazama, akasema nikimbilie bandarini, pengine hawajaondoka. Nilipanda toleka, mwenye baiskeli akakanyaga kwa nguvu zake zote, na tulipofika mashua ilikuwa imeshateremka na mto. Siwaonei wivu watu wa Yangambi, nao wana watoto. Ila nilikaa juu ya gogo pale bandarini nikalia, mpaka yule mwenye baiskeli akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa.

Kwa hiyo, yaya, magari hayaji. Ghala nimeliona kwa macho yangu, wanalifagia. Atakayewaambia mngoje kidogo, mjibu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wafungashie virago Papa na Kavira, mwondoke na Muhindo. Amekubali kuwachukua kwa zamu mpaka kwenye malori ya barabara ya huku. Sijui kama njia ni salama. Siku hizi sijui chochote kwa hakika, na sala zangu naanza nikakwama katikati. Hapa pia unga unapanda, na paa la chumba nilichopata linavuja upande wa mlangoni. Mwenye nyumba, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko, amewawekea samaki wa moshi juu ya jiko, na kila asubuhi ananiuliza wageni wako wapi.

Papa atakataa. Atasema hawezi kumwacha Mama peke yake kando ya barabara. Usibishane naye. Mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha umwambie kijana wake wa mwisho amepiga magoti.

Mnisalimie padri aliyewapa darasa, na yule mama mkunga mnayelala naye ukuta mmoja. Kavira mwambie mjomba amemtafutia blanketi. Na mkipita pale barabarani, simameni kidogo kwa ajili yangu. Béatrice anasema siku ile naweza kuijaza bei ya kukadiria, ili mstari usipotee tena. Nimekataa. Mwambie Mama siku yake nimeiacha ilivyo, tupu, na hakuna atakayeandika juu yake bei ya unga.

Wewe bei usinitumie tena. Njooni.

Mdogo wako anayewangoja mlangoni,
Kambale